Misingi binafsi ya kuongoza biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyabiashara wa Mwanza na mialo ya Ziwa Victoria

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka, mitumbwi na mashine za kukoboa mpunga. Watu hunijia kwa sababu ya hesabu, lakini tukikaa kidogo maswali hugeuka: kijana ameanza udokozi, shemeji kakopa harudishi, wavuvi wamehamia kwa tajiri (mwenye mitumbwi) mwingine. Nimeyapanga hapa yale yanayojirudia. Mwenye haraka aanze na swali la 4, maana mengi ya yanayofuata yanalitegemea.

## Mambo ya mwanzo

1. Misingi binafsi ya uongozi ni kitu gani? Si ndiyo hizo hizo taratibu za kazi?

Utaratibu wa kazi unamhusu kila mtu. Duka linafunguliwa saa mbili, kila mauzo yana risiti, stoo haingii mtu peke yake. Msingi binafsi unakuhusu wewe mwenye mali, kwenye yale mambo ambayo hakuna mtu mwenye ubavu wa kukuzuia. Hakuna mfanyakazi atakayekuambia, "Bosi, rudisha hiyo elfu hamsini." Hakuna atakayekufokea ukichelewesha mishahara wiki mbili. Kwa hiyo inabidi ujizuie mwenyewe, tena mapema, kabla tamaa au hasira haijafika.

Mimi napima hivi: kama jambo halijawahi kukugharimu hata shilingi, bado hujajua kama ni msingi wako au ni maneno ya kubandika ukutani.

2. Nina kijana mmoja tu dukani. Mambo ya uongozi si ya makampuni makubwa?

Huyo mmoja anatosha. Kwenye kiwanda cha samaki mtu anaweza kumaliza mwezi mzima hajamwona mkurugenzi. Kijana wako anakuona tangu unafungua kufuli mpaka unahesabu hela jioni, na anasikia kila simu unayopokea. Mdai wako akipiga ukamwambia uko Sengerema, wakati umekaa hapo hapo Makoroboi unakula karanga, kijana amesikia. Siku atakayokuambia mteja fulani bado hajalipa, utajuaje?

3. Misingi iwe mingapi, na niiandike wapi?

Mitatu au minne. Ikizidi hapo hutaikumbuka siku ya shida. Iandike ndani ya jalada la daftari la mauzo, mahali utakapoiona kila siku, na uiandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kusema umeifuata au hukuifuata. "Uadilifu" haupimiki. "Sichukui hela ya droo bila kuandika" inapimika.

## Fedha

4. Duka ni langu. Nikichukua hela yangu kwenye droo, kosa liko wapi?

Hakuna swali ninaloulizwa sana kuliko hili, na mara nyingi mwulizaji anakuwa ameshaudhika. Hela ni yako, sibishi. Ila ikiwa bado iko kwenye droo tayari ina kazi yake: sehemu kubwa ni ya kununulia mzigo unaofuata, nyingine ni pango, nyingine mishahara, nyingine ya kodi ya TRA. Ya kwako ni ile inayobaki, na huwezi kujua imebaki kiasi gani kabla hujafunga hesabu.

Hasara ya fedha ni ndogo ukilinganisha na hasara ya uongozi. Chukua duka la nyavu na kamba karibu na mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Asubuhi mwenye duka anachomoa 20,000 ya mafuta ya pikipiki. Mchana mama watoto anamtuma mtoto achukue 10,000 ya mkaa. Alasiri anapita rafiki na kadi ya mchango wa harusi, inatoka 50,000. Jioni droo imepungua 95,000. Muuzaji anajua 80,000 ni za bosi na familia yake. Hizo 15,000 ni za nani? Labda chenji ilikosewa, labda bosi alichukua tena akasahau, labda muuzaji mwenyewe. Hakuna anayeweza kusema. Wiki ijayo ikipotea 15,000 nyingine itajificha humo humo ndani ya matumizi yako, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe.

Dawa yake ni kaunta buku yenye safu nne: tarehe, kiasi, aliyechukua, sababu. Bosi naye anaandika kwa mkono wake na kusaini. Mama anaandika. Mtoto akitumwa anakuja na kikaratasi, la sivyo anarudi mikono mitupu, hata kama nyumbani mkaa umeisha. Halafu jipangie mshahara ambao biashara inaumudu, uupokee siku ile ile wanayopokea wengine. Ukizidisha, kinachozidi kinaandikwa kuwa deni lako kwa duka na unakatwa mwezi unaofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa vitabu ninavyoviona mimi, mwenye kuipoteza mara nyingi ni mwenyewe.

Mwanzoni inakera. Utajiona kama umeajiriwa kwenye duka lako mwenyewe, na wenzako watakucheka. Vumilia. Muuzaji anayekuona unaandika elfu moja ya soda yako atapata taabu sana kukuambia kwamba elfu ishirini "ameisahau tu".

5. Mauzo yamekuwa mabaya mwezi huu. Nani asubiri, mimi au wafanyakazi?

Wewe. Faida ikija ni yako, basi na ukame ukija uanzie kwako. Kama hata hivyo fedha hazitoshi, waambie kabla ya tarehe ya malipo, taja kiasi utakachotoa na siku utakayomalizia, na uanze kumlipa mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Ukikaa kimya mpaka siku yenyewe halafu ukazima simu, usishangae mwezi unaofuata wakijilipa wenyewe.

6. Nikatae kabisa kutoa mali kauli, yaani kukopesha bidhaa?

Kwa biashara ya dagaa hapa Mwanza, hutaweza. Weka kikomo cha mtu mmoja, na ukiweke wakati huyo mtu hayupo mbele yako anakulilia. Asiyemaliza la zamani hapewi jipya. Kikomo kinawahusu na ndugu (tazama swali la 9), vinginevyo hakipo.

7. Wenzangu wanachezea mizani. Nikipima haki si nitafilisika?

Ukanda huu una kumbukumbu ndefu ya mizani. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika miaka mingi kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye kupima. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyozaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Watu waliokuwa na mashamba tu waliungana kwa sababu walichoka kuibiwa kilo. Mteja wako naye anachoka, ila yeye haundi chama. Anahamia duka la pili tu.

Kwenye nafaka shida huwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na kwenye dagaa ni sado (kindoo cha kupimia) iliyobonyezwa chini. Wakala wa Vipimo wana sheria yao na faini zao, lakini kwa mtazamo wa uongozi kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Muuzaji uliyemfundisha kumwibia mteja gramu hamsini kwa kila kilo amepata fundi wa kumfundisha, na ufundi huo hauchagui wa kuibiwa. Atautumia kwako.

Kufilisika sijaona. Ninachoshauri ni kupandisha bei kidogo na kuigeuza mizani uso wake umwelekee mteja. Wapo watakaokwenda kwa jirani mwenye bei ya chini. Mama lishe anayenunua kila siku atagundua mwenyewe, kwa sababu anajua kilo moja ya mchele inajaza sahani ngapi.

## Watu

8. Wavuvi wangu wananihama kila mwezi, na mgao ninaowapa si mbaya. Tatizo ni nini?

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inakaa, na wavuvi wanarudi makwao, Ukerewe, Magu, wengine Geita. Hizo ndizo siku wanazoamua watarudi kwa nani. Mvuvi aliyekaa nyumbani akijumlisha mgao kichwani hufika mahali pamoja: "Mafuta gani yale yaliyokula hela yote?"

Ugomvi wa mgao mara chache huwa juu ya kiwango. Huwa juu ya gharama zinazokatwa kabla ya kugawana: mafuta ya injini, taa, chakula, matengenezo ya nyavu. Tajiri anazitaja kwa jumla, wavuvi wanazisikia kama hadithi. Msingi unaofaa hapa ni kwamba hakuna gharama inayokatwa bila kusomwa kwa sauti mbele ya nahodha na wenzake, risiti zikiwa mezani. Ukikosa risiti ya lita arobaini za petroli, hiyo umeila wewe. Itauma mara moja au mbili, baadaye hutasahau risiti.

Matajiri wengine huwashika wavuvi kwa mikopo, ili mtu asiweze kuondoka kabla hajamaliza deni. Mimi siupendi utaratibu huo. Aliyebaki kwa sababu ya deni anavua kwa mkono mmoja, na samaki wengine wanauzwa ziwani kabla hawajafika mwaloni.

9. Nimemwajiri mtoto wa dada yangu na hafanyi kazi. Nitamwambiaje bila kugombana na ukoo?

Ulipaswa kumwambia siku ya kwanza, tena dada akiwepo. Kama hilo limepita, rudi mwanzo. Mwite dada kwanza, nyumbani kwake, umweleze masharti ya kazi yalivyo kwa wote na kwamba mwanawe atapewa mwezi mmoja wa kujirekebisha. Ukianza na kijana, dada ataipata habari ikiwa imepinda, na mpaka jioni utakuwa umeshapigiwa simu na mjomba wa Bukoba.

Kumsaidia ndugu ni wajibu, na biashara inaweza kuubeba. Ila tenga vitu viwili. Kama unataka kumsaidia, mpe kutoka kwenye mshahara wako (swali la 4). Kama unataka akufanyie kazi, mlipe kama wengine na umpime kama wengine. Anayelipwa kwa undugu akakaa bila kufanya kazi anakupotezea zaidi ya mshahara wake, kwa sababu yule asiye na undugu na wewe anapunguza mwendo mpaka walingane.

10. Kuna shoti kila jioni, hela inapungua kwenye droo. Naruhusiwa kumkata mshahara, au nimfukuze?

Kabla ya yote, hakikisha droo haichezewi na wewe mwenyewe.

Kuhusu kumkata, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata unavyotaka. Kwa hasara aliyosababisha mfanyakazi, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Hata akikubali, makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Wengi wanaoniuliza swali hili wanakuwa wameshamkata mtu nusu au mshahara mzima.

Kuhusu kumfukuza, sheria inadai mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mweleze tuhuma kwa maandishi, mpe muda wa kujiandaa, msikilize akiwa na mwenzake anayemtaka, ndipo uamue. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale mwajiri mwenye haki lakini asiye na karatasi anaweza kushindwa vizuri tu.

Zaidi ya sheria kuna suala lako wewe. Usimtuhumu mtu mbele ya wateja, hata ukiwa na uhakika. Mwaloni habari haikai. Ukimwita mtu mwizi saa nne, saa sita imefika Igombe, na jioni ukigundua kwamba ile hela ililipwa kwa simu, iko kwenye lipa namba, hutakuwa na namna ya kuifuata kote ilikopita.

11. Mimi ni mwanamke na nina mitumbwi. Nahodha hanisikilizi. Nifanyeje?

Usishindane naye kwa sauti. Shika vitu vitatu: mafuta, mizani na daftari. Mtumbwi hautoki bila mafuta uliyoyatoa wewe, samaki hawauzwi bila kupimwa mbele yako au mbele ya msimamizi wako, na mgao unasomwa na wewe. Nahodha anaweza kukudharau kwa maneno mwezi mzima, lakini daftari likisomwa vizuri, wavuvi wenzake ndio watakaomwambia anyamaze.

Kuna jambo jingine la mialoni ambalo watu hulizungumza kwa kuzunguka. Wapo wanaume wanaowalazimisha akina mama wachuuzi kutoa mapenzi ndipo wapate samaki. Mwenye mtumbwi, awe mwanamke au mwanamume, ndiye mwenye nguvu ya kukomesha hilo kwenye mtumbwi wake. Panga foleni, panga bei moja, mwambie nahodha kwamba akithubutu anashuka, na siku akithubutu mshushe, hata kama ni msimu na hakuna wa kushika nafasi yake. Ukimsamehe kwa sababu ya msimu, wote wameona.

12. Bila ukali watu hawafanyi kazi. Si kweli?

Wanafanya ukiwepo. Kama unapanga kukaa hapo maisha yako yote, endelea. Kama hupangi, tazama swali la 15.

## Penye ugumu

13. Mkaguzi amekuja, anataka "hela ya maji". Nikikataa atanifungia. Nifanyeje?

Kukataa ni rahisi kwa mwenye karatasi zilizokamilika: leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi, risiti za mashine ya EFD kama unatakiwa kuzitoa. Asiye nazo ameshauza msimamo wake kabla mkaguzi hajafika. Kwa hiyo anza na faili lako.

Akidai hata hivyo, omba kosa liandikwe na upewe namba ya kulipia serikalini. Lisipoandikwa, kosa halipo. Namba ya bure ya TAKUKURU, chombo cha kupambana na rushwa, ni 113. Kumbuka pia kwamba kijana wako amesimama pembeni anaangalia. Ukitoa elfu thelathini mkononi, umemwonyesha kwamba kanuni zina bei.

14. Msingi wangu unanikosesha wateja. Nina boti ya abiria na mizigo, nikikataa kuzidisha wanapanda ya jirani.

Wakatae. Hapa sina la kupima pande mbili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kikiwa kimebeba kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya watu 200. Ukizunguka Ukerewe hukosi familia yenye msiba wa mojawapo.

Kinachowezekana ni kupunguza hasara ya kukataa. Piga mstari wa rangi kwenye ubavu wa boti mahali maji yasipopaswa kuvuka, ili nahodha asibishane na abiria kwa maneno, anaonyesha mstari. Mlipe nahodha kiasi kilekile kwa safari. Ukimlipa kwa kichwa cha abiria, umemwajiri azidishe, hata kama kwa mdomo unamkataza.

15. Nikienda Kariakoo kuchukua mzigo, duka linalala. Nifanyeje?

Muuzaji analala kwa sababu hajui mwisho wa mamlaka yake, na kila alilowahi kuamua ulilipangua ukirudi. Mpe kiwango. Punguzo mpaka kiasi fulani, manunuzi ya dharura mpaka 100,000 kwa mfano, bila kukupigia. Kisha usipige simu kila saa.

Ukirudi utakuta ameamua jambo ambalo wewe usingeliamua hivyo. Kama lilikuwa ndani ya kiwango chake, liache lisimame, hata likikuuma. Zungumza naye faragha kuhusu lijalo. Ukilipangua mbele ya mteja, safari ijayo atakaa tu akusubiri, na atakuwa sahihi.

16. Mbia wangu hafuati misingi yangu. Nivunje ubia?

Usianze na misingi, anza na daftari. Kubalianeni jambo moja tu: kila mmoja anaandika anachotoa, na mwisho wa mwezi mnakaa na mtu wa tatu kuzisoma. Wabia wengi hupatana hapo hapo, kwani walikuwa wanagombania hela ambayo hakuna aliyeijua ni kiasi gani. Akikataa hata kuandika, hapo hakuna ubia wa kuvunja. Tafuta mwanasheria mgawane kilichopo.

17. Naruhusiwa kubadili msingi, au ndiyo nimejifunga?

Unaruhusiwa, ila usiubadili siku ileile unapokuuma. Subiri mambo yatulie, waambie wafanyakazi kabla, andika tarehe kwenye daftari.

Kuna mwuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa hapeleki mzigo Sengerema kabla ya kulipwa hela yote, kwa sababu gari likikwama kwenye foleni ya kivuko na mteja akabadili mawazo, gharama ilikuwa yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari linakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Aliniuliza kama akipunguza sasa adai nusu tu atakuwa amelegea. Nikamwambia sababu ya mwanzo imeondoka, aandike kanuni mpya na aanze nayo mwezi unaofuata. Kwa wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambao mzigo wao bado unapanda meli, analipwa hela yote kwanza kama zamani.